Mguu wa Kulia Mbele

Jumamosi, 1 Novemba

Leo nimefungua madirisha ya sebuleni kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na upepo ulioingia ulikuwa upepo, si pumzi ya tanuri. Joto limeanza kuiaga Maskati. Basi naanza kuandika. Zakiya, mke wangu, kaniuliza naandika nini, nikamwambia naweka kumbukumbu ya msimu ambao binti yetu ataiona theluji ya Mungu badala ya ile ya mashine. Akasema, "Mwenyewe anajua kama unamwandika?" Zakiya na maswali yake.

Habari yenyewe ni hii. Noof, kitinda mimba wetu, ana miaka kumi na sita. Tangu mwaka jana anakwenda kuteleza juu ya ubao katika ukumbi wa theluji uliomo ndani ya jumba la maduka. Sisi nje tunachomwa na jua, yeye ndani kavaa koti na glavu. Kochi wao, yaani mwalimu wa mchezo huo, Hadeel, atachukua wasichana sita kwenda kwenye milima ya Georgia likizo ya nusu mwaka, na Januari atawajaribu wote ili awachague. Noof anaitaka safari hii kuliko kitu chochote. Ukutani kwake kabandika picha ya mlima mahali palipokuwa na picha yetu sote.

Ubao nimeshamnunulia. Vimebaki vifungio, yaani vile vitu viwili vinavyokazwa kwa skrubu juu ya ubao, vyenye mikanda ya kushika buti. Wajinga hudhani ubao ndio kila kitu. Mimi nimetazama video wiki nzima, na vifungio atachaguliwa na babake.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimevipata bila hata kutoka mtaani kwetu Mawaleh. Jirani alivileta kutoka Ulaya, havijavaliwa hata siku moja, vimo kwenye boksi lake na vinang'aa. Nilimwonyesha Marhoon, mtoto wa ammi yangu, mwenye duka la vitambaa Hamriya. Binti yake Atheer naye anateleza. Marhoon akavipindua pindua akauliza, "Vilikuwa vimekaa wapi miaka yote hii?" Nikamwambia kitu kipya hakiulizwi umri.

Jumatano, 5 Novemba

Vimekufa. Nilimfunga Noof hapa hapa sebuleni ajaribu, ukanda wa vidole ukakatika mkononi mwangu kama mkate mkavu. Sponji ya kukanyagia ikabanduka yote, gundi imekuwa unga. Kumbe jirani alikuwa kaviweka stoo ya juu ya paa, joto la kiangazi kwa kiangazi. Maskati haisubiri ukitumie kitu ndipo kichakae.

Noof akasema, "Si neno baba. Afadhali vimekatikia nyumbani."

Marhoon nimemwambia nimevirudisha kwa sababu sikupenda rangi.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumekwenda Azaiba, kwenye duka la Khalil, barabara kuu. Khalil ni Muomani mwenzetu, lakini wao walitoka Tabora, na sisi watu wa Unguja tukikisikia Kiswahili chao hutabasamu kidogo, kwa adabu. Kavaa saa kubwa na anazungumza kama anayetoa hotuba. Hatukupatana tangu mlangoni.

Alimkalisha Noof na buti zake, akamtia kifungio cha kwanza. Kilimkaa sawasawa. Nikasema, "Nipe saizi ya juu yake, mtoto bado anakua." Ndiyo desturi yetu tangu viatu vya Idi: unanunua kikubwa, unatia pamba mbele, mwakani kitakuwa chake.

"Hapana, ndugu yangu," akasema Khalil, na akacheka. "Hiki sio kiatu cha sikukuu. Buti ikicheza humu ndani, binti atataka kwenda huku, ubao utakwenda kule. Angalia: kisigino kimekaa mpaka mwisho, ukanda wa juu umelala kwenye kifundo, pembeni hakuna nafasi. Hapo ndipo panapotakiwa."

Nikasalimu amri kwenye saizi. Lakini mtu hawezi kushindwa mara mbili katika duka moja. Aliponiletea aina laini, akisema ndiyo inayomfaa mwenye kujifunza, nikataka ile ngumu, yenye kiegemeo cha nyuma kisichopinda. Kigumu hudumu. Akasema kigumu kitampa ganzi ya vidole. Nikamgeukia Noof, "Vinakuumiza?"

"La, baba. Viko vizuri."

Alikuwa anatazama zulia. Nilimwangalia Khalil na kumwambia, "Umesikia mwenyewe."

Akaniuliza Noof hutanguliza mguu upi mbele, ili avikaze kabisa kwenye ubao. Nikamjibu hilo ni jambo la nyumbani.

Jumapili, 9 Novemba

Hili la mguu si dogo. Juu ya ubao mtu husimama upande, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na kila mtu ana mguu wake aliozaliwa nao wa kutangulia. Ukimwekea usio wake atasumbuka maisha. Kwenye video jamaa alisema: mtazame mtu anapokwenda bila ya kufikiri, ule unaotoka kwanza ndio.

Nikamwita Noof kutoka chumbani aingie sebuleni. Kaingia na kulia. Nikamtuma jikoni, kaingia na kulia. Nikamtoa nje nikampigia kelele aje mbio, akafika kizingitini, akasema bismillahi, akaingia na kulia. Ushahidi gani tena? Na kila la kheri huanza na kulia.

Mama yangu alikuwa kwenye kochi lake anashona foronya. Akacheka mpaka miwani ikateremka. "Msellem mwanangu, mtoto nimemfunza mimi kuingia nyumbani na mguu wa kulia tangu anatambaa. Hebu mpeleke na mlango wa choo, ukaone kama hatatanguliza wa kushoto!"

Nikamwambia mama, haya ni mambo ya kitaalamu.

Jumanne, 11 Novemba

Kumepoa. Nimevikaza mwenyewe, kulia mbele. Hata jini hatavitoa.

Jumamosi, 15 Novemba

Kochi Hadeel ni msichana mwenye sauti, mamake Muunguja, na husema Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja bila kupumua. Aliutazama ubao mlangoni akasema, "Ammi, mwache kwanza ajaribu pande zote mbili, yaani siku moja tu, halafu tutaamua. Nnahisi huyu ni wa kushoto."

Palikuwa na wazazi wengine. Nikamwambia nimeshampima kwa njia iliyo sahihi, na ubao ni wangu. Akaniangalia kidogo. "Kama utakavyo, ammi."

Baridi ya mle ndani hunishika kifua. Nimeshuka chini kunywa kahawa na Marhoon, nikamweleza yeye na baba wawili wengine habari za vifungio tangu alifu mpaka ye. Walinisikiliza vizuri.

Jumamosi, 22 Novemba

Noof kaanguka sana leo. Nyonga imevilia damu, kasema Zakiya. Mwanzo mgumu.

Ijumaa, 5 Disemba

Chakula cha mchana kwetu, Marhoon na watu wake wote. Mtu akauliza Noof anaendeleaje. Nikasema vifaa anavyo, vya kumshinda kila mtu pale, kinachompungua ni moyo. "Watoto wa siku hizi ni waoga," nikasema. "Atheer moyo anao."

Noof alikuwa anapitisha kahawa. Akanimiminia bila kumwaga tone, akaenda kwa mwingine. Zakiya hajasema na mimi tangu wageni waondoke, na sijui nimefanya nini.

Jumamosi, 13 Disemba

Haya! Marhoon katoka juu kumchukua Atheer, kanijia mezani anapepesa macho. "Binti yako leo kateleza, mashaallah. Hapana aliyemfikia." Nilimwambia vifungio vigumu ndivyo hivyo, vinataka mwezi mmoja mpaka vimzoee mtu. Akataka kusema kitu, kisha akaomba sukari.

Nimewalipia kahawa wote.

Alhamisi, 18 Disemba

Mvua. Wadi, ule mto mkavu, limeshuka maji, barabara ya nyuma imefungwa. Noof kalia kwa sababu hawezi kwenda mazoezini. Mtoto mwoga halilii mazoezi. Nimelifikiria hilo, kisha nikalala.

Jumatatu, 22 Disemba

Nilikuwa naufuta ubao maji nikaona ajabu. Vichwa vya skrubu vimeng'oka meno, vyote, kama vimetafunwa. Mimi nilivikaza mara moja tu, na havijaguswa tena. Kwa hiyo nimeuziwa chuma cha bati. Nilijua tangu mwanzo kuwa yule wa Tabora ana lake.

Jumanne, 23 Disemba

Nimekwenda Azaiba nikiwa na ubao chini ya kwapa. Dukani palikuwa na familia mbili. Sikungoja.

"Ndiyo uaminifu huu?" nikamwambia Khalil. "Miezi miwili hata haijatimia, tazama skrubu zako!"

Akazitazama. Akapitisha kidole. Akasema polepole, na safari hii hakuwa anahutubia, "Mzee, hizi zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi sana. Na kwa bisibisi ndogo, isiyo ya kazi hii. Nyumbani kwako nani anavigusa?"

"Hapana anayegusa isipokuwa mimi."

"Basi muulize binti."

Ah, hapo nilipandwa. Nikamwambia binti yangu si fundi, na hanifichi kitu. Nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Akafungua droo akanitolea skrubu mpya, bure, akasema nichukue, yaishe. Nikamwambia akazifunge kwenye kilemba chake.

Noof aliniuliza jioni kwa nini ubao ulikuwa ndani ya gari. Nilipomweleza akasema, "Baba, yule mtu hana kosa." Nikamwambia ana roho nzuri kupita kiasi.

Ijumaa, 2 Januari

Mama anaulizwa iko wapi bisibisi ya cherehani yake, Zakiya anataka kukaza kishikio cha sufuria. Mama kasema imepotea, na kabadilisha mazungumzo upesi kwa mtu aliyepoteza kitu.

Jumamosi, 10 Januari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Leo ilikuwa siku ya kujaribiwa, na wazazi waliruhusiwa kuingia. Tukapewa makoti mazito mlangoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa ndani. Siku zote nimekuwa nikimshusha Noof na kuteremka kwenye kahawa yangu. Nikachukua kiti cha mbele kabisa.

Noof alikuwa kapiga goti pembeni, ubao umelala juu ya theluji, Atheer kaushikilia kwa mikono miwili. Aliponiona akasita. Kilikuwepo kitu kidogo mkononi mwake, akakitia mfukoni. Atheer akamnong'oneza, Noof akatikisa kichwa, la. Mimi nikampungia. Nilidhani kafurahi kuniona.

Zamu yake ilipofika alisimama juu, kulia mbele, kama nilivyovikaza. Hakufika nusu. Akaanguka kifudifudi, akainuka, akaanguka. Kila msichana alikuwa na zamu mbili. Ya pili alifika chini amekaa. Wadogo kuliko yeye waliteremka salama. Niliona baba mmoja akijishughulisha na simu yake, na Marhoon akatazama viatu vyake, na hapana hata mmoja aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Hadeel akamwendea. Alikuwa karibu yangu, nilisikia kila neno.

"Noof, mbona leo hukuvigeuza?"

"Nimesahau, kochi."

"Umesahau? Tangu mwanzo wa Disemba kila ukija unavigeuza, kushoto mbele, unateleza kuwashinda wote, unavirudisha, unakwenda kwenu. Leo ndiyo usahau?"

Noof akaniangalia, mara moja, haraka, kisha akateremsha macho, na hapo mimi nikaelewa. Skrubu zilizotafunwa. Bisibisi ya cherehani. Nyonga ya Novemba na sifa za Disemba. Mtoto alikuwa akija hapa na mguu wake mwenyewe, na kila akitaka kurudi nyumbani anaketi kwenye baridi na kuufunga tena mguu niliomchagulia mimi, ili nisijue kwamba sikujua. Na leo, kwa kuwa nimekaa mbele, kaona bora aanguke.

Hadeel naye akaniangalia. Akainua sauti, akasema kama anayesema na wote, "Kama yuko mwenye neno juu ya vifungio hivi, aseme sasa hivi, nimpe Noof zamu nyingine. Baadaye sitaweza. Majina yanaondoka leo."

Nilikuwa na la kusema. Maneno mawili: nilikosea mguu. Yalikuwa mdomoni. Lakini kulia kwangu yuko Marhoon, na nyuma wako wale niliowanywesha kahawa na kuwahubiria miezi miwili, na nikajiona nikisimama na koti la kuazima nikiwaambia kwamba nilimpima mtoto kwa mlango wa jikoni. Nikajikohoza. Wote wakangoja. Nikasema:

"Kila mmoja na riziki yake."

Ndivyo nilivyosema. Nilimtanguliza Mungu ili nijifiche nyuma yake. Hadeel akasema, "Khalas, basi," akaandika. Noof akainama akaanza kufungua mikanda.

Garini aliniambia, "Usijali baba. Leo baridi ilikuwa kali zaidi." Baridi ya mle huwekwa kwa mashine na haibadiliki, na yeye anajua kuwa mimi najua. Naona haya. Sijapata kuona haya namna hii, hata kuiandika mkono unakuwa mzito.

Jumapili, 11 Januari

Wiki ya kazi imeanza leo, nami sikwenda. Nimesema kifua.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua tena, ndogo, ya kuudhi. Noof anasema na mimi vizuri, anacheka panapochekesha, na hilo ndilo linalonichoma. Picha ya mlima bado ipo ukutani.

Nimekaa na mama. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Hakuacha kushona.

"Bisibisi nimempa mimi."

"Mbona hukunambia, mama?"

"Unaambiwa wewe? Nyumba hii tukiwa na neno tunangoja usafiri ndo tuliseme." Akakata uzi kwa meno. "Nlimwambia mtoto, mwambie babako. Akanambia, bibi, baba keshawasimulia watu, ataona haya mbele ya ammi Marhoon. Mtoto kakusitiri, Msellem. Na wewe siku yako ilipofika..."

Hakuimaliza, na sikumwomba aimalize.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwendea Hadeel peke yangu, asubuhi, kabla wasichana hawajafika. Nikamwambia yote: mlango, kulia, kushoto. Nikamwomba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa kasimama. "Haya yote nnayajua, ammi. Sote tunayajua. Wasichana walikuwa wakimshikia ubao kwa zamu, na wazazi walikuwa wakiona wanapokuja kuwachukua. Hapana aliyetaka kukuvunjia heshima." Akavuta pumzi. "Na mimi pia nna kosa. Ningesema tangu Novemba. Lakini ile Jumamosi nilikungoja wewe, wallahi nilikungoja. Siku ile palikuwa na watu, na neno lilikuwa na faida. Leo umekuja hapana hata mtu."

Majina yameshakwenda, tiketi zimekatwa. Nafasi ya sita kaipata msichana aliyeanza Oktoba.

Kwa hiyo Marhoon alijua alipoomba sukari. Walijua wote, na wakaninyamazia, na mimi nikadhani wananisikiliza.

Jumatano, 21 Januari

Nimekwenda kwa Khalil kumtaka radhi. Alinipokea vizuri mno, kanitilia chai, na hakunikumbusha kilemba. Nimezinunua zile skrubu. Nimezitia kwenye droo ya gari na sijui nizifanye nini. Sithubutu kuugusa ubao.

Jumamosi, 24 Januari

Wameondoka. Noof alitaka mwenyewe kwenda uwanja wa ndege kumuaga Atheer. Kampa glavu zake, zile nzuri. Walikumbatiana wakacheka, Atheer akalia. Noof alipungia mkono mpaka watu wote walipokwisha kupita.

Njiani nilitaka kusema kitu kila taa nyekundu.

Ijumaa, 30 Januari

Leo tulialikwa kwa Marhoon. Wanaume sebule ya mbele, wanawake ya nyuma, mlango wa kati wazi kwa ajili ya vyombo kupita. Picha za Georgia zikazunguka kwenye simu: Atheer kazama mpaka magotini. Mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Na Noof je? Si alikuwa bora wao?"

Marhoon, Mungu amjaze kheri, akawahi, "Skuli ilimbana. Mitihani." Akanisukumia sahani ya halwa.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "La. Hakwenda kwa sababu yangu." Nikawasimulia. Sikuacha kitu: stoo ya jirani, duka la Azaiba na matusi yangu, mlango wa jikoni, cherehani ya mama, kiti cha mbele, na lile neno la riziki. Nilipofika kwenye bisibisi mzee alijifuta macho. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Huo ndio uungwana, Msellem. Si kila mtu angeyasema hayo." Mwingine akanishika bega. Na niseme kweli, kwa kuwa hapa hapana wa kunishika bega: niliona raha. Kifua kikawa chepesi. Nilikula halwa.

Garini Zakiya alikaa nyuma na mama, Noof mbele na mimi. Tuliwashusha wale nyumbani, na Noof hakushuka.

"Baba, tulikusikia."

"Nimesema kweli, mwanangu. Ilikuwa lazima niiseme mbele ya watu."

"Ndiyo, umesema kweli." Alikuwa anatazama mbele. "Na wote wakakupa pole wewe."

Nikazima gari.

"Mimi ndiye niliyeikosa theluji, baba. Nilikuwa nimebakiwa na kukosa kwangu tu, na kule nyuma walikuwa wote wanazungumza habari za babangu alivyo muungwana. Sasa hata huko kukosa kumekuwa kwako."

Alilisema bila ukali. Hajapata kunisemesha hivyo tangu azaliwe, na alikuwa na haki katika kila herufi. Haya niliyoiona tangu ile Jumamosi ilikuwa haya ya watu: nani kaniona, nani anajua, nani atasema nini. Hii ya leo haikuwa na watu. Tulikuwa wawili ndani ya gari lililozimwa, na mmoja wetu alikuwa ameumizwa, na si mimi.

Nikamuuliza, "Wataka nifanye nini?"

Nilikuwa tayari kwa lolote. Ningempeleka Georgia kesho yake, ningempigia kochi magoti. Akafikiri kidogo.

"Alkhamis nipeleke ukumbini. Unishushe mlangoni, urudi nyumbani."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, baba."

Jumanne, 3 Februari

Vumbi. Zile skrubu nimeziacha juu ya meza ya kulia chakula, bila ya neno. Jioni hazikuwepo.

Alhamisi, 5 Februari

Nimempeleka. Ubao ulikuwa kwenye mfuko wake, umefungwa. Sikuufungua na sikuuliza. Nilimshusha mlangoni, akachukua mfuko wake mwenyewe, akasema ahsante baba. Nilikaa kidogo na mkono kwenye usukani, maana miguu ilitaka kushuka kwenda kwenye kahawa, kisha nikageuza gari.

Zakiya alikuwa uani anaanua nguo. Kashangaa kuniona nimerejea mapema. "Na Noof? Anatelezaje siku hizi?"

Nikamwambia sijui.